Ufundi wa Stoo ya Nyuma

Mgeni akikaribishwa sebuleni huliendea tangi moja kwa moja. Huinama, humfuata kwa kidole samaki wa milia anayejipenyeza kwenye minyiri ya anemoni, kisha huuliza yanayoulizwa na wote: wanakula nini, wanaishi miaka mingapi, huyu wa buluu bei gani. Sijamsikia aliyeuliza maji yanakwenda wapi. Na maji yana safari. Yanamwagika juu ya kizingiti chenye meno kwenye pembe ya tangi, yanapita ukutani kwa mabomba ya PVC, na kuteremka hadi stoo iliyokuwa ya magunia na baiskeli mbovu. Humo ndimo inamofanyika kazi yote ya kuiweka bahari hai ndani ya nyumba ya Mombasa, na hakuna anayeletwa kuitazama.

Samaki wana wasifiaji wa kutosha. Mimi nataka kuisifu stoo.

Kwa asiyewahi kuiona: sakafuni kuna tangi la pili, la kioo kisicho na urembo, lililogawanywa vyumba kwa vioo vilivyobandikwa kwa silikoni. Chumba cha kwanza hupokea maji na kuyapitisha kwenye mfuko wa kitambaa unaonasa makombo. Cha pili kina kichuja-povu, yaani silinda ambamo pampu husaga hewa ikawa viputo vidogo mno. Uchafu ulioyeyuka, ule usioweza kunaswa na kitambaa chochote, hung'ang'ania ngozi ya viputo hivyo na kupanda navyo mpaka kikombe cha juu. Asubuhi kikombe huwa na maji meusi kama kahawa chungu, ila harufu yake humfukuza hata paka. Chumba cha tatu ni cha mwani. Huwashiwa taa usiku, saa ambazo sebuleni ni giza, ili unywe nitrati na kuvuta kaboni dioksidi wanayoitoa viumbe wengine wakati huo. Cha mwisho kina pampu ya kurudisha maji juu. Na kila mahali, ndani ya mawe na mchanga, wapo bakteria wanaogeuza amonia ikawa nitriti, na nitriti ikawa nitrati. Tangi jipya huwangoja wiki kadhaa kabla hawajatosha. Asiye na subira ya wiki hizo afuge kuku.

Waanzilishi wa fani hii hawakuwa na pampu. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Sicily, alitengeneza matangi ya kioo mwaka 1832 apate kumchunguza argonauti, jamaa wa pweza. Mwingereza Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake cha akwaria mwaka 1854, na watu wa mjini wakaanza kuweka maji ya bahari majumbani. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza alivyotunza marijani kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria wake), jua na viputo vya hewa basi. Baadaye wafugaji wa Berlin, na pamoja nao mwandishi Peter Wilkens, wakayaunganisha mawe hai na kichuja-povu chenye nguvu, na njia hiyo ikaitwa ya Berlin hadi leo. Stoo yangu inafuata njia hiyo, pamoja na marekebisho yanayolazimishwa na joto la Pwani.

Ukitaka kumpima fundi wa stoo, usiangalie mitambo ikizunguka. Zima umeme.

Pampu ikisimama, maji ya sebuleni huendelea kumwagika mpaka yafike usawa wa kizingiti. Papo hapo bomba la kurudishia, ambalo mdomo wake umezama, huanza kuyanyonya maji kinyumenyume. Chukua tangi la urefu wa sentimita 150 na upana wa 60: kila sentimita 1 ya kina ni lita 9. Yakishuka sentimita 3 tu, lita 27 ziko njiani kuja chini, na bado hujahesabu yaliyomo ndani ya mabomba. Mwenye kupenda kulijaza tangi la chini hadi shingoni atayakuta sakafuni, na chumvi yake. Kwa hiyo fundi huliacha tangi hilo na nafasi tupu inayoonekana kama uzembe, na hupiga mstari wa wino kwenye kioo: maji yasizidi hapa pampu ikiwa inafanya kazi.

Mnyonyo wa bomba la kurudishia hukatwa kwa tundu la milimita chache, linalotobolewa chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, tundu huvuta hewa na mchezo umekwisha. Lakini tundu dogo kiasi hicho konokono anaweza kuliziba kwa mwili wake, naye hachagui siku. Ndiyo maana mdomo wenyewe wa bomba nao huwekwa karibu na uso wa maji, ili konokono akilala tunduni hasara isizidi sentimita chache. Wapo wanaotegemea valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siitegemei: punje ya mchanga ikikaa kwenye kilango chake, valvu imeshakuwa pambo.

Na mabomba ya kushukia? Mawili yangetosha, fundi huweka matatu. La kwanza hujaa maji tupu bila hewa, na koki yake hukazwa kidogo kidogo mpaka kelele ya mbubujiko ife. La pili hupitisha uzi mwembamba wa maji yanayobaki. La tatu kazi yake ni kukaa kavu. Siku konokono au jani la mwani likiziba la kwanza, la pili hubeba mzigo, na likishindwa, la tatu hupokea kwa kishindo kinachosikika nyumba nzima. Nalipenda bomba hilo kavu kuliko mtambo wowote humo ndani. Kelele yake ndiyo taarifa yake.

Umeme ukikawia kurudi, kinachotangulia kuwaua samaki ni kukosa oksijeni. Inatosha betri ya gari, inveta ya kiasi, na pampu moja ndogo ya kuutibua uso wa maji. Taa na vichujio vinaweza kungoja. Yote hayo hujaribiwa kwa kung'oa plagi mchana kweupe, mwenyewe akiwa amesimama hapo na ndoo, kabla ya tangi kuingia samaki hata mmoja, na tena kila baada ya kusafisha mabomba.

Kazi ya mikono yenyewe ni ya fundi bomba, ila ina miiko yake. Bomba hukatwa wima, ukingo hupigwa msasa, vipande vyote hupangwa vikavu kwanza na kuwekewa alama ya kalamu. Kisha gundi: paka pande zote mbili, sukuma, zungusha robo, shikilia usiachie. Anayeachia mapema ataona bomba linajisukuma lenyewe nje ya elbo, taratibu. Baina ya kila mtambo na mwenzake pawe na yunioni na koki, kwa sababu pampu itakufa, hilo halina mjadala, na siku hiyo utataka kuitoa bila msumeno. Shaba, hata ndani ya kiungo kidogo cha brasi, ni marufuku: kamba, konokono na marijani hawaistahimili. Skrubu ziwe za plastiki. Kile chuma kinachouzwa kwa jina la kisichoshika kutu, kiache kwa wiki chache juu ya tangi la maji ya bahari kisha uje unisimulie.

Maana chumvi hutembea. Tone moja linalovuja kwenye uzi wa kiungo huacha ukoko mweupe, ukoko hunyonya unyevu, na kesho yake umesogea inchi mbele, ukielekea kwenye soketi. Kila waya hapa huteremka chini ya usawa wa soketi yake kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Saketi nzima ina kikata umeme cha kuzuia mtu kupigwa shoti. Mwenye kuona gharama ya kifaa hicho ni kubwa, mkono asiutie majini.

Joto hapa kwetu ndilo tatizo, wala hita haina kazi. Feni mbili huupuliza uso wa maji, mvuke ukapoza. Kinachoondoka kwa mvuke ni maji matupu, chumvi hubaki, hivyo boya dogo hufungulia maji baridi kutoka pipani kufidia. Maji hayo hutoka kwenye mashine ya RO, inayochuja hadi chumvi. Ya kisima cha Mombasa yana chumvi zake, na ya mferejini yana klorini. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, na boya huilinda hesabu hiyo vizuri kuliko mtu.

Maji ya bahari yenyewe huletwa kwa mkokoteni, katika mitungi ya lita 20. Huchotwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, na kamwe si katika masika, mito inapotapika tope. Jirani anayenunua maji matamu kwa mtungi alimtazama mchukuzi akishusha ya chumvi mlangoni kwangu, akaniombea dua. Sikumlaumu.

Kuna pipa jingine pembeni, na hapo ndipo ninapokawia zaidi. Ndani yake mna chokaa. Marijani hujenga mifupa yake kwa kalisi inayoichukua majini, na katika tangi lililojaa viumbe kalisi huisha upesi. Gramu moja na nusu hivi ya chokaa iliyozimwa hukorogwa katika kila lita ya maji ya RO, huachwa itulie, na maji safi ya juu hudondoshwa tangini tone kwa tone, usiku, wakati asidi ya maji inapopanda. Isimrukie mtu machoni: ni kali ya kuunguza. Ukichungulia asubuhi utaona ganda jembamba limetanda juu ya pipa, linavunjika ukiligusa. Hewa imeingiza kaboni dioksidi yake na chokaa imeanza kurudi kuwa jiwe.

Mafundi wa Lamu, Gede na Kilwa waliijua safari hii kutoka upande wa pili. Walichoma matumbawe tanurini, wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, wakasiliba kuta, na ukutani ikavuta hewa ikawa jiwe tena. Stooni kwangu chokaa hupita kwenye mwili wa marijani hai kabla haijafika huko. Mwenye kung'oa marijani mwambani kwa nyundo, eti apambe tangi, simhesabu kuwa fundi; kipande kidogo kilichokatwa kwa mfugaji mwenzako hukua chenyewe ukikipa chokaa na mwanga.

Nikisafiri, anayeingia stooni ni mpwa wangu. Ndiyo sababu kila koki ina kibandiko, na mishale imechorwa juu ya mabomba kuonyesha maji yanakoelekea. Stoo inayoeleweka na mtu mmoja ni hatari kwa samaki wote. Majuzi kaniambia, "Mjomba, koki ya bomba la kwanza iko juu mno, naipandia ndoo." Ana haki. Kipande kipya nitakiunganisha mezani, gundi ikauke usiku kucha, kisha yunioni mbili zifunguliwe na kufungwa pampu ikiwa imezimwa dakika chache. Bomba la inchi moja na nusu ninalo. Elbo mbili ndizo za kununua.