Picha zilizofanya karata za taroti zisomeke

Jozi ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni za turufu, zenye majina kama Mjinga, Mnara, Kifo na Jua. Zilizobaki 56 zimegawanyika katika aina nne: fimbo, vikombe, panga na sarafu. Wacheza karata wa pwani ya Afrika Mashariki wanazijua kwa majina yaliyotokana na Kireno: pao, kopa, shupaza na uru. Kila aina ina karata kumi za namba na nne za watu wa kasri, yaani kijana mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Karata hizi zilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za kuchezea tu. Mtindo wa kuagulia kwazo ulishika kasi Ufaransa katika miaka ya 1780.

Kwa anayejifunza, kikwazo kilikuwa zile karata 40 za namba. Katika jozi za mtindo wa Marseille, tano ya vikombe ni vikombe vitano na majani ya pambo, basi. Hakuna mtu, hakuna tukio. Mwanafunzi alilazimika kukariri maana za karata zisizo na kitu cha kushikisha kumbukumbu, na wengi waliishia kwenye turufu peke yake.

Kikwazo hicho kiliondolewa London mwaka 1909, kampuni ya William Rider & Son ilipochapisha jozi iliyobuniwa na A. E. Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Wote wawili walikuwa wamepitia Golden Dawn, chama cha elimu za siri. Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaica sehemu ya utoto wake, akasomea sanaa Pratt Institute huko Brooklyn, kisha akafanya kazi na kundi la tamthilia la Lyceum. Katika kila karata ya namba aliweka tukio. Hakuwa wa kwanza kabisa: jozi ya Sola Busca, ya Italia mwishoni mwa karne ya 15, ilikuwa na picha za namna hiyo, na nakala zake za fotografia zilifika British Museum mwaka 1907. Tatu ya panga ya Smith, yenye moyo uliochomwa na panga tatu, inafanana mno na ya jozi hiyo ya kale. Lakini lugha ya mwili ni yake, nayo imetoka jukwaani: bega lililoinama au mgongo uliogeuzwa unaeleza hali kabla uso haujatazamwa. Alilipwa kidogo, na kwa miongo mingi jozi ikaitwa Rider-Waite, bila jina la mchoraji. Hiyo ni dhuluma, kwa sababu kinachomwezesha mgeni kusoma karata hizi ni mkono wake.

Tano ya vikombe inaonyesha njia ya kusoma. Mtu aliyejifunika joho jeusi ameinamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka na kumwaga vilivyokuwamo. Nyuma yake viwili vimesimama, naye havioni. Kwa mbali kuna mto, daraja na jengo ng'ambo. Msomaji mpya hutaja kwanza kinachoonekana, kama hivi, bila kukimbilia kitabu. Kisha huongeza kanuni mbili. Vikombe huhusishwa na maji na hisia, kama fimbo zinavyohusishwa na moto na ari, panga na hewa na fikra, sarafu na ardhi na riziki. Namba nazo zina mwendo: moja ni mwanzo, nne ni utulivu, tano ni mtikisiko, kumi ni ukomo. Tano ya vikombe basi ni mtikisiko wa hisia: msiba, hasara, majuto. Picha ndiyo inayoongeza kile ambacho kanuni peke yake haitoi, kwamba viwili vimesalia na daraja lipo.

Watu wa kasri ndio wagumu zaidi. Wengi wao wameketi au wamesimama tu, na tukio halipo. Njia inayosaidia ni kuwachukua kama tabia: malkia wa panga ni mtu wa akili kali asemaye wazi, awe mwanamke au mwanamume.

Katika kutandaza, Waite alieleza mpango wa msalaba wenye karata kumi, na wanaoanza huuvamia mapema mno. Karata moja kwa siku, kisha tatu, zinatosha kwa miezi. Maana za karata zilizopinduka kichwa chini nazo ziwekwe kando kwanza. Swali liwe la "nizingatie nini", si la "ndiyo au hapana", kwa kuwa uwezo wa karata kutabiri haujathibitishwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake wote maelezo yaleyale ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wastani wa alama walizoyapa kwa usahihi ulikuwa takriban 4.3 kati ya 5. Maneno ya jumla huonekana kumfaa kila mtu, na msomaji mwaminifu hujilinda nayo kwa kubaki karibu na kilichochorwa.

Tuseme aliyepoteza kazi ameuliza azingatie nini. Karata zimechangwa na kukatwa, zikatoka tano ya vikombe, nane ya sarafu na sita ya panga. Ya kwanza ni yule mwombolezaji. Ya pili ni fundi kwenye benchi akichonga sarafu, alizomaliza zikiwa zimetundikwa nguzoni. Ya tatu ni mtumbwi unaowavusha mwanamke na mtoto, panga sita zikiwa zimesimama mbele yao. Zikisomwa kwa pamoja, macho yanatoka kwenye kilichomwagika, yanahamia kwenye ufundi unaojengwa kipande kwa kipande, kisha safari inaanza, na panga zimo ndani ya mtumbwi: anayehama anaondoka na sehemu ya uchungu wake.