Futi Tisa Baada ya Mstari

Kila Mei, katika mji mdogo wa bandari wa Valdez, jimboni Alaska, marubani hukutana kushindana kuruka na kutua kwa umbali mfupi kadiri inavyowezekana. Chini huchorwa mstari. Magurudumu yakigusa ardhi kabla ya mstari huo, hata kwa upana wa kiganja, jaribio halihesabiwi. Yakigusa baada yake, waamuzi huja na futi kamba kupima kutoka mstarini hadi ndege iliposimama. Mwaka 2018 Dan Reynolds alipimwa futi 9 na inchi 5: hata mita 3 hazikutimia. Ndege yenyewe ni ndefu kuliko hapo.

Ufundi huu haukuanza kama maonyesho. Alaska ina vijiji vingi ambavyo barabara haijawahi kuvifikia, na rubani wa huko hutua panapopatikana. Miaka ya 1930, Bob Reeve aliondokea Valdez hiyohiyo na ndege iliyofungwa skii, akiteleza juu ya matope ya pwani maji yakishakupwa, akaenda kutua kwenye barafu za milimani kuwapelekea wachimba dhahabu vifaa vyao.

Mtazamaji hudhani siri ni breki. Breki zina kazi yake, ila sehemu kubwa huwa imeshamalizwa angani. Ndege inayoweza kukaa hewani kwa kilomita 60 kwa saa, ikikabili upepo wa kilomita 30, inagusa ardhi ikiwa na kilomita 30 tu. Mwendo umepungua nusu, lakini nishati inayobaki kuzimwa ni robo. Ndiyo maana mafundi wa ndege hizi huhangaika na mabawa kwanza: huyarefusha, huongeza vibawa vya mbele na vya nyuma, na hung'oa kila kilo isiyo na kazi, mpaka kiti cha abiria.

Nami napenda zaidi kutazama zile sekunde za mwisho. Ndege inakuja pua juu, mkia umening'inia, injini ikinguruma ingawa inashuka. Humo ndani kazi za mikono zimebadilishana: usukani ndio unaoshika mwendo, na moto wa injini ndio unaoamua kasi ya kushuka. Rubani akipunguza moto mapema kidogo, bawa linaishiwa nguvu na ndege inaanguka kabla ya mstari. Akichelewa, inaelea na kuupita, na kila mita inayoelea inahesabiwa. Mstari ukishapita chini ya matairi, anakata moto. Ndege inadondoka kwa kishindo juu ya matairi yake manene yenye upepo mdogo. Papo hapo anarudisha vibawa vya nyuma ili bawa liache kubeba na uzito wote ukandamize magurudumu, na miguu inabana breki. Mkia unainuka. Ukizidi kuinuka, panga boi linachimba ardhi na mashindano yameishia hapo, pamoja na akiba ya benki. Basi analegeza kidogo, kiasi cha mkia kubaki hewani bila kupitiliza.

Machi 2023 Łukasz Czepiela, rubani wa Poland ambaye pia huendesha ndege kubwa za abiria, alitua juu ya hoteli ya Burj Al Arab kule Dubai, kwenye kiwanja cha helikopta chenye upana wa mita 27, mita 212 kutoka chini. Alisimama ndani ya mita 21. Tangi la mafuta lilikuwa limehamishiwa nyuma ili aweze kubana breki kwa nguvu bila ndege kubinuka, naye alikuwa amefanya mazoezi ya kutua takriban mara 650. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Hata hivyo, mimi bado ningependa kusimama Valdez, ambako rubani hapangi siku yake: zamu yake ikifika anaruka na upepo wa saa hiyo, hata kama mwenzake aliyemtangulia alipata mzuri zaidi.