Dakika Sitini za Birmingham: Hadithi Niliyoipenda Mno

Nianze kwa kuungama. Mwaka juzi niliandika hadithi fupi, nikaiita "Dakika Sitini", nikaisoma mbele ya kikundi chetu cha waandishi chipukizi, Jumamosi jioni, katika darasa la kuazima lenye madawati ya watoto yanayobana magoti. Ilihusu mpira wa Kimarekani. Msicheke. Si huu wetu, ni ule wa kofia ngumu na kuangushana, ambao mimi niliingia kwa mlango wa vitabu. Kwa muuza vitabu vya mtumba nilikuwa nimeokota kitabu cha Warren St. John, Rammer Jammer Yellow Hammer, cha mwaka 2004. Kinawafuata mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama msimu mzima wa 1999, wale wanaosafiri na magari makubwa ya kulala humo humo. Wamo mume na mke walioikosa ndoa ya binti yao kwa sababu siku hiyo Alabama ilikuwa inacheza na Tennessee. Mechi ilipokwisha wakawahi karamu. Nilipofika hapo nikasema, ah, kumbe hawa ni watu wa kwetu! Mtu aliyekulia kati ya Simba na Yanga haelezwi zaidi.

Tangu hapo nikawa nawinda kila kinachosimuliwa kuhusu timu ile. Ndipo nikakutana na hadithi kubwa kuliko zote walizo nazo mashabiki wa Alabama, nikaimeza bila kutafuna. Makala haya ni uhakiki wa hadithi hiyo. Haina mtunzi mmoja, wala jalada. Imesimuliwa vijiweni kwao, redioni, kwenye mazishi ya wachezaji, hadi ikawa kama ngano. Lakini ngano nayo huhakikiwa, tena kwa ukali zaidi, maana hakuna anayeiwekea sahihi.

Inasimuliwa hivi. Septemba 12, 1970, uwanja wa Legion Field, mjini Birmingham. Alabama, kikosi cha weupe watupu chini ya kocha Paul "Bear" Bryant, inaikaribisha USC kutoka California. USC wana kwotabeki mweusi, Jimmy Jones, na nyuma yake yuko kijana wa mwaka wa pili anayecheza mechi yake ya kwanza, Sam Cunningham, kifua kama mlango wa boma. Anabeba mpira mara 12, anakwenda yadi 135, anafunga mara mbili. USC 42, Alabama 21. Mechi ikiisha Bryant anamfuata Cunningham, anamwomba, anamwingiza katika chumba cha kubadilishia nguo cha Alabama, kifua wazi, anawaambia vijana wake wamtazame vizuri, mchezaji ni huyu. Mashabiki wanarudi makwao wamegeuka mioyo. Mwaka unaofuata Alabama wana wachezaji weusi. Halafu unakuja ule usemi wa kufungia, ambao wasimulizi hawakubaliani hata ni wa nani: kwamba jioni ile moja Cunningham aliondoa ubaguzi Alabama kuliko Martin Luther King kwa miaka yote aliyohubiri.

Tamu, sivyo? Ina mwanzo, ina kilele, ina mzee mwenye busara na kijana mwenye nguvu. Mimi niliongeza mvua. (Sijui kama ilinyesha; hadithi yangu ilihitaji mvua.) Niliposoma, wenzangu wakapiga makofi, jamaa mmoja akasema hii ipelekwe redioni. Kisha dada mmoja, anasoma sheria, akauliza swali moja tu: "Kwani hapo hakuna aliyekwenda mahakamani?"

Nikamjibu kwa kiburi kwamba hii ni fasihi. Nikaenda nyumbani nimeudhika. Kilichoniudhi ni kwamba sikuwa na jibu.

Jibu lipo, na halikufichwa. Mwaka 1969, zaidi ya mwaka mzima kabla ya mechi ile, chama cha wanafunzi weusi wa chuo hicho hicho kilimshtaki Bryant na chuo kwa kutowachukua wachezaji weusi. Wakili wao alikuwa kijana mweusi wa Alabama, U. W. Clemon, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho. Na mchezaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya masomo na timu ile, Wilbur Jackson wa mji wa Ozark, alikuwa ameshasaini kabla Cunningham hajakanyaga Birmingham. Usiku ule wa 1970 Jackson alikuwa jukwaani anatazama, kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa. Fikiri, msomaji! Jibu la mgogoro mzima wa hadithi limekaa kwenye viti vya watazamaji, na msimulizi analipita bila kulisalimia. Lile tukio la chumbani nalo, wachezaji wa Alabama waliokuwamo wamesema hawakuliona.

Sisemi kwamba mechi haikuwa na maana. Kipigo kile kilikuwa cha kweli, na inawezekana kabisa kilimrahisishia Bryant kazi ya kuwatuliza mashabiki wake. Kwenye hadithi hii naona kasoro tatu za kifani, na kila moja ina siasa ndani yake.

Cunningham hasemi. Msimulieni mara kumi, hafungui mdomo. Anakimbia, anafunga, anavuliwa shati, anatazamwa. Mle chumbani anasimamishwa kama fahali mnadani, na msimulizi anataka tuone hilo ni heshima. Mhusika mkuu asiye na neno hata moja ni mhusika wa kukodishwa. Kwenye vitabu vyetu vya darasani tuliambiwa huyo anaitwa mhusika bapa, lakini hapa ubapa wake una kazi: angesema, pengine angeuliza kwa nini kabla yake hakuwepo.

Pili, mageuzi hayamgharimu mtu kitu. Shabiki mweupe anafungwa mechi moja, analala, anaamka mwema. Hakuna kesi, hakuna jaji, hakuna mwanafunzi aliyehatarisha masomo yake kwa kumshtaki kocha anayeabudiwa.

Ya tatu ni wakati. Juni 1963 gavana wa jimbo, George Wallace, alisimama mlangoni pa chuo hicho hicho kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood. Juni 1970 huyo huyo Wallace alimwangusha Albert Brewer katika marudio ya kura za chama chao, kwa kampeni iliyowatisha weupe waziwazi kuhusu kura za weusi. Novemba akachaguliwa tena kuwa gavana. Sasa weka Septemba 12 katikati. Hao mashabiki wanaodaiwa kurudi nyumbani wamegeuka mioyo waliishi katika jimbo ambalo, wiki chache baadaye, lilimrudisha Wallace ikulu. Kwenye hadithi yangu neno Wallace halikuwemo. Mvua ilikuwemo.

Basi, kuna hadithi nyingine ya Alabama, ambayo mashabiki hao hawaisimulii kwa mbwembwe hizo. Ili uionje lazima nieleze kwotabeki ni nani. Ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na kuamua kufumba na kufumbua: aurushe mbali, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Uwanjani anakuwepo mmoja. Wengine wanaweza kugawana nafasi. Hii, mmoja akiingia mwenzake anakaa benchi. Kwa miaka mingi makocha wa Marekani walimchukua kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki sekondari wakamhamishia kwenye kukimbia au kukaba. Miguu yake waliitaka. Kufikiri kwa niaba ya timu nzima, wakasita.

Condredge Holloway alizaliwa Huntsville, ndani ya Alabama. Mwaka 1971 timu ya besiboli ya Montreal Expos ilimchagua wa nne katika nchi nzima, mama yake akakataa kumsainia, akisema mwanangu anakwenda chuo. (Huyu mama angestahili riwaya peke yake.) Bryant alimtaka. Lakini, kama Holloway mwenyewe alivyosimulia, Bryant alimwambia wazi kwamba Alabama haikuwa tayari kwa kwotabeki mweusi. Angekuja, angecheza nafasi nyingine. Huu ni mwaka mmoja baada ya zile dakika sitini zilizomaliza ubaguzi! Holloway akavuka mpaka kwenda Tennessee, na mwaka 1972 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza katika ligi yao, SEC.

Hapo ngano ilipaswa kuendelea: arudi na jezi ya adui aipige Alabama. Haikuwa hivyo. Alicheza nao 1972, 1973 na 1974, na mara zote tatu Alabama ilishinda. Nadhani ndiyo sababu haikuwa ngano. Kipigo cha Cunningham kiliwadai mashabiki maelezo, wakajitungia yenye kuwapamba. Holloway hakuwadai kitu, walishinda bila yeye na maisha yakaendelea. Baadaye alikwenda kucheza Kanada, akatwaa kombe la huko na Ottawa mwaka 1976 na Toronto mwaka 1983. Alabama walimpata kwotabeki wao wa kwanza mweusi wa kuanza, Walter Lewis, miaka ya themanini ilipoingia.

Mtu ataniambia hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu.

Desemba 12, 2017, Alabama ilipiga kura ya kujaza kiti cha useneta. Huku Roy Moore wa Republican, aliyetuhumiwa na wanawake kadhaa kwamba aliwaandama wakiwa wasichana wadogo. Kule Doug Jones wa Democratic, mwendesha mashtaka aliyewatia hatiani watu wa Ku Klux Klan kwa bomu la kanisani Birmingham la 1963, lililoua wasichana wanne. Jones alishinda kwa tofauti isiyofika kura 22,000. Na watu zaidi ya 22,000 hawakumtaka yeyote, wakaandika jina jingine kwa mkono kwenye karatasi. Miongoni mwa majina hayo lilikuwemo la Nick Saban, kocha wa Alabama.

Jamaa zangu walicheka nilipowaambia. Mimi naona ni utunzi. Shabiki aliyebanwa kati ya chama chake na dhamiri yake anamwita kocha atoke kwenye hadithi moja aje kumwokoa katika nyingine.

Wiki nne baadaye, Januari 8, 2018, ikawa fainali ya taifa, mjini Atlanta, na Rais Trump uwanjani. Kwotabeki wa Alabama alikuwa Jalen Hurts, kijana mweusi wa Texas, aliyeanza mechi 28 katika misimu miwili akapoteza mbili tu. Hadi mapumziko Georgia 13, Alabama 0. Saban akamweka benchi Hurts, akamwingiza Tua Tagovailoa, mtoto wa Hawaii anayerusha kwa mkono wa kushoto, wa mwaka wa kwanza. Katika muda wa nyongeza Tua akarusha yadi 41, DeVonta Smith akadaka, 26 kwa 23. Kiangazi kizima jimbo likabishana: huyu au yule? Tua akapewa namba. Na Desemba 1, 2018, uwanja ule ule, wapinzani wale wale, Tua akaumia, Hurts akatoka benchi akaigeuza mechi, 35 kwa 28.

Nani angethubutu kutunga hivyo? Mhariri angekurudishia. Lakini sikiliza inavyosimuliwa sasa: Hurts mvumilivu, Hurts mnyenyekevu, alikaa kimya akangoja zamu yake. Si kweli kwamba alikaa kimya. Agosti 2018 aliwaambia waandishi wa habari kwamba muda wote ule hakuna kocha aliyekuja kumuuliza anajisikiaje. Aliyasema bila matusi, mbele ya vinasa sauti vyao. Sentensi hiyo imedondoka njiani. Nusu karne baada ya Cunningham, bado shujaa anayependwa zaidi ni yule msimulizi aliyemfunga mdomo. Hurts alihamia Oklahoma, na Februari 2025 akaibeba Philadelphia Eagles hadi ubingwa wa nchi, na mashabiki wa Alabama wakakumbuka kwamba ni wao.

Na siasa? Mwaka 2020 kiti kile cha Jones kilichukuliwa na Tommy Tuberville, kocha wa zamani wa Auburn, mahasimu wakubwa wa Alabama, aliyewafunga Alabama mara sita mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2007. Kwa ushabiki tunaoujua sisi, huyo hapati hata kura ya shemeji. Alishinda kwa wingi. Kumbe uhasama wa Jumamosi una mwisho, na chama kina nguvu kuliko jezi. Hilo kitabu changu cha mtumba hakikunitayarisha nalo.

"Dakika Sitini" nimeichana. Ninayoandika sasa inaanzia kwenye viti vya watazamaji, na Wilbur Jackson ameshika tikiti, anatazama timu ambayo tayari ni yake ikifungwa na watu weusi, huku waliomzunguka wakipiga kelele. Nimekwama kwenye anachofikiri. Nilimpa kurasa tano za mawazo mazuri, dada wa sheria akazirudisha wiki iliyopita, amekata nne kwa kalamu nyekundu na pembeni ameandika: "Umemuuliza nani?" Mvua aliikata pia.