Nzi Bandia Hutazamwa kwa Chini

Mnunuzi akiingia dukani huinamia sanduku la nzi bandia wa kuvulia samaki na kuwatazama kwa juu: rangi, bawa lililosimama, manyoya yaliyojaa. Samaki anayelengwa, trauti, hayuko juu. Yuko chini ya maji, kaelekeza kichwa mto unakotoka, na akiinua macho anaona tumbo la nzi pamoja na vishimo vidogo ambavyo ncha za manyoya zimebonyeza juu ya maji. Kwa hiyo mimi nikipewa nzi wa kuelea, kwanza namgeuza.

Kenya ina haki ya kuizungumzia kazi hii ya kufunga nzi bandia. Trauti waliletwa kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905, na leo wamo Gura, Chania na mito ya Mlima Kenya. Zaidi ya hapo, nzi wanaofungwa kwa mkono katika karakana za Kenya husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Mvuvi aliyesimama kwenye mto Madison huko Montana mwezi wa Julai, theluji ya milimani imekwisha kuyeyuka na maji yametulia yakawa maangavu, huenda ncha ya mshipi wake imebeba kazi ya fundi wa Kenya. Maji maangavu hayafichi kazi mbovu.

Tumchukue Adams, nzi aliyebuniwa na Len Halladay wa Michigan mwaka 1922. Haigi mdudu mmoja maalumu. Ukijivu wake uliochanganyika na kahawia unafanana na wadudu wengi wa mtoni, ndiyo sababu anavua karibu kila mahali. Umbo lake ni jepesi, na kosa la fundi huonekana mara moja.

Angalia tundu la ndoano. Likizibwa na tone la vanishi au unywele mmoja, jioni samaki wanaporuka utahangaika kupitisha mshipi mwembamba huku giza likiingia. Fundi mzuri huacha nafasi nyuma ya tundu, akamalizia kichwa kidogo, kimekazwa. Mkia uwe wa nyuzi ngumu, urefu wake sawa na shina la ndoano. Ukiwa mfupi au mlegevu, nzi hukaa kitako majini. Mwili uwe mwembamba, unaopungua kuelekea mkiani. Mwili mnene hunywa maji.

Sasa manyoya ya shingoni, na hapa usiwe na haraka. Adams huzungushiwa manyoya mawili ya jogoo, moja la kahawia na moja lenye milia myeusi na myeupe. Lazima yawe ya jogoo: ya kuku jike ni laini, hulowa upesi, yanafaa kwa nzi wa kuzama. Mgusishe nzi kwenye mdomo wako wa chini. Ukihisi vichomo vidogo vikali, manyoya ni mazuri. Ukihisi ulaini, mrudishe. Urefu wa kila unyoya uwe kama mara moja na nusu ya upana kati ya shina la ndoano na ncha yake. Kisha shika ndoano kwa nyuma, usukume manyoya kwa kidole taratibu kana kwamba unayazungusha. Yakizunguka shina, uzi ulilegea tangu nzi alipofungwa kwenye jiriwa, na samaki wa kwanza atamfumua.

Mweke nzi juu ya maji katika bilauri ya kioo, uinue usawa wa macho, utazame kwa chini. Utaona kile anachokiona samaki. Ncha za manyoya zitawanyike sawasawa, zisishikane vifungu; tumbo lionekane wazi katikati. Mabawa nayo yalingane. Bawa moja likizidi, nzi huzunguka hewani unapotupa, na mshipi husokoteka.

Nzi waliosongwa manyoya huuzika haraka kwa sababu wanaonekana wameshiba. Kwa maji ya taratibu mimi nawakataa bila kusita. Uchache wa manyoya huhitaji mkono uliokomaa. Kwenye maji yanayochemka juu ya mawe nitakubali manyoya mengi zaidi, ingawa hapo napendelea nzi wa nywele za kulungu wa Marekani aliyebuniwa na fundi Al Troth, kwa jinsi anavyoelea.

Mwisho, usinunue mmoja. Agiza dazeni ya saizi moja, tuseme 14 (namba ikipanda ndoano hupungua), uwapange kwenye karatasi nyeupe, wote wakielekea upande mmoja. Mikia ilingane, vichwa vilingane, mabawa yaanzie mahali pamoja. Mmoja akitoka nje ya mstari, samehe. Wakiwa watatu au wanne, rudisha dazeni nzima na uulize kama kuna ya fundi mwingine.