Mgomba wa Kisii na mashine inayojizaa

Migomba mingi ya Kisii na Nyamira ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo haizai mbegu. Shamba lililoanzishwa kwa chipukizi moja ni mmea uleule uliojirudia. Mgomba huo ni mashine inayojizaa, ila una udhaifu ambao mwanahisabati John von Neumann aliukwepa katika hesabu zake miaka ya 1940.

Mkulima akichimbua chipukizi, anabeba pia mayai ya fukusi ndani ya tunguu, minyoo mizizini na udongo wenye kuvu ya mnyauko. Mwili mzima ndio unaorithishwa, maradhi yakiwemo.

Von Neumann aliutenga mwili na maelezo yake. Mashine yake ya kufikirika hukaa kwenye uwanja wa miraba. Kila mraba huwa katika mojawapo ya hali 29 na hutazama majirani wanne tu. Ndani ya mashine mna mjenzi, mnakili na utepe wa maelekezo. Utepe hutumika mara mbili. Kwanza mjenzi huusoma kama amri na kuunda mwili mpya. Kisha mnakili huuiga alama kwa alama, bila kujali unasema nini, na nakala hupewa mtoto. Ustadi wote uko hapo. Mjenzi huyo huunda chochote kilichoelezwa kwenye utepe, kama mashine ya kufikirika ya mwanahisabati Turing ya 1936 inavyokokotoa hesabu yoyote iliyoandikiwa, na utepe ukibadilika, badiliko hurithiwa. Von Neumann alifariki 1957, mwenzake Arthur Burks akaikamilisha kazi hiyo na kuichapisha 1966. DNA nayo hufanya vivyo hivyo: husomwa ili kujenga protini, na hunakiliwa kwa njia nyingine kabisa.

Migomba ya tishu, iliyoanza kusambazwa kwa wakulima wa Kenya miaka ya 1990 na taasisi ya utafiti wa kilimo KARI pamoja na shirika la ISAAA, inaukaribia utaratibu huo. Fundi huambua chipukizi ganda baada ya ganda mpaka ibaki ncha ndogo nyeupe, huiosha kwa klorini, kisha huiweka chupani juu ya rojo lenye sukari, chumvi na homoni. Fukusi, minyoo na kuvu huachwa nje. Lakini ncha hiyo si utepe mtupu. Ni chembe hai, na virusi vilivyomo husafiri nayo. Tena ikigawanywa mara nyingi mno, huanza kutoa migomba yenye kasoro. Ndiyo maana maabara makini huwekea ukomo mizunguko ya kugawanya, kisha hurudi kuchukua ncha mpya kwenye mgomba mama uliopimwa virusi.