Kuondoa, Kusanidua, Kung'oa: Uhakiki wa Istilahi za Kuondoa Programu katika Kompyuta

Makala hii inahakiki msamiati wa Kiswahili unaotaja tendo linaloonekana dogo: kutazama programu zilizomo ndani ya kompyuta na kuziondoa. Hoja yake ni kwamba baadhi ya istilahi zilizopo huahidi zaidi ya kile ambacho mashine hutenda. Ahadi hiyo ikiingia katika miongozo ya ofisi za umma, taarifa za wananchi hubaki mahali ambapo mwongozo unadai hazipo tena.

Mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao Ubuntu umejengwa juu yake, unafaa kuwa kielelezo kwa kuwa haufichi kinachotendeka. Msimamizi akiandika amri ya dpkg -l, hupata orodha ambayo kila mstari wake hutanguliwa na herufi mbili. Ya kwanza hueleza kinachotakiwa. Ya pili hueleza hali ilivyo. Mstari wenye ii ni wa programu iliyotakiwa iwepo, nayo ipo. Mstari wenye rc ni wa programu iliyotakiwa iondolewe, nayo imeondolewa, lakini mafaili ya mipangilio yake yamebaki. Nyaraka nyingi za sera huandikwa kwa herufi ya kwanza na kusomwa kana kwamba ni ya pili.

Tatizo huanzia kwenye kutazama kwenyewe. Amri ya apt list --installed haizionyeshi kabisa programu zenye alama ya rc. Mkaguzi aliyeagizwa kuleta “orodha ya programu zilizosakinishwa” akiitumia amri hiyo, ataleta orodha sahihi kwa swali lisilofaa, kwa sababu kinachotafutwa na ukaguzi wa usiri ni programu zilizopita na kuacha masalia.

Kwa upande wa vitenzi, sakinisha limekubalika, nalo lina undugu wa wazi na maskani. Kinyume chake ndicho kilicholeta utata. Sanidua na sakinusha yameundwa kwa kiambishi cha kutendua, kile cha funga na fungua, ziba na zibua. Ni uundaji wenye ustadi wa kimofolojia, na wahakiki wa istilahi wameelekea kuridhika hapo. Lakini kiambishi hicho hubeba maana ya kurejesha hali ya awali: nguo iliyokunjuliwa huwa kama ilivyokuwa kabla ya kukunjwa. Amri ya apt remove haifanyi hivyo. Mfano mzuri ni MariaDB, programu ya kutunza hifadhidata: ikiondolewa kwa amri hiyo, hifadhidata zenyewe, zikiwemo rejesta za wagonjwa au wanafunzi, husalia katika saraka ya /var/lib/mysql. Kusema kwamba programu hiyo “imesaniduliwa” ni kumwambia msomaji jambo lisilotokea.

Ondoa, neno la kawaida lisilo na madaha, ni aminifu zaidi. Hutaja kitu kutoka mahali pake na kunyamazia alama zake. (Kifurushi, kwa maana ya programu iliyofungashwa, halina bahati hiyo: mtumiaji wa Tanzania akiambiwa aondoe kifurushi atafikiria kwanza bando la intaneti.) Kinachokosekana ni kitenzi cha pili, cha amri ya apt purge, inayoondoa programu pamoja na mafaili ya mipangilio yake. Lugha ya shamba inacho. Mkulima hutofautisha kufyeka na kung'oa. Anayefyeka huacha visiki, navyo huchipua. Ng'oa lingefaa kwa apt purge, na ondoa libaki kwa apt remove.

Uchaguzi huu si wa wanaleksikografia peke yao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, kwa mfano pale ambapo anayezitunza hana tena idhini ya kuzihifadhi. Afisa atakayejibu ombi kama hilo kwa kuandika kwamba mfumo “umeondolewa” atakuwa amesema kweli bila kulijibu.

Hata ng'oa lina mpaka wake. MariaDB ikiondolewa kwa apt purge, msimamizi huulizwa kama hifadhidata nazo zifutwe, naye anaweza kukataa. Kwa hiyo futa, kitenzi cha swali hilo, hakina budi kusimama peke yake katika mwongozo wa ofisi, pamoja na jina la saraka iliyofutwa, tarehe, na cheo cha aliyelijibu swali.