Hitimisho Lisilohitimu: Uhakiki wa Aya ya Mwisho katika Insha za Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania, aya ya mwisho ya insha husahihishwa kila mwaka lakini hujadiliwa kwa nadra. Mtahini huifikia akiwa amekwisha kukadiria uwezo wa mtahiniwa. Mtahiniwa naye huiandika muda ukiwa umemwishia. Zao lake ni aya inayoweza kung'olewa katika insha moja na kupandikizwa katika nyingine pasipo msomaji kugutuka. Makala haya yanadai kwamba udhaifu huo hausababishwi na haraka ya chumba cha mtihani pekee. Chanzo chake kikuu ni namna uhakiki unavyofundishwa: mwanafunzi huelekezwa kuorodhesha vipengele, kisha hutakiwa kutoa hukumu juu ya jambo ambalo hakulijengea hoja.

Mfano mkuu wa mjadala ni tamthiliya ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, na riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi inatumika kwa ulinganisho. Aya za wanafunzi zinazotolewa hapa zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu. Hazikunukuliwa kutoka kwa mtahiniwa yeyote.

Kigezo cha kupimia aya hizo kinapatikana ndani ya lugha yenyewe. Maneno hitimisho na kuhitimu yana mzizi mmoja. Anayehitimu hakufikia tu siku ya mwisho ya masomo. Ametoka na kitu ambacho hakuingia nacho. Kwa kigezo hicho, hitimisho linapaswa kumwonyesha msomaji kile ambacho insha imekipata na ambacho isingeweza kukisema katika aya yake ya kwanza.

2.0 Sura Tatu za Hitimisho Lisilohitimu

Sura ya kwanza inaweza kuitwa hitimisho la kioo. Mwanafunzi huandika kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na kwamba kazi aliyoihakiki imedhihirisha ukweli huo. Kauli hii ina historia ndefu katika nadharia na haina kosa ikisimama mahali pake. Tatizo ni kwamba inahusu fasihi yote, hivyo haiwezi kuwa tunda la kusoma kazi moja. Mwanafunzi aliijua kabla ya kufungua kitabu, na angeiandika hata kama asingekifungua.

Sura ya pili ni hitimisho la mawaidha. Hapa insha inatoka nje ya kazi na kuihutubia jamii. Insha kuhusu Rosa Mistika, kwa mfano, huishia kwa kuwaasa wazazi wawalee watoto wao katika maadili mema. Ushauri huo hauna ubaya, lakini unaisaliti riwaya yenyewe. Zakaria, baba yake Rosa, anaamini kwamba hilo ndilo analolifanya anapomchunga binti yake kwa ukali na kumwadhibu kwa sababu ya barua ya mvulana. Riwaya inaonyesha jinsi ulinzi wa aina hiyo unavyomwacha msichana bila uzoefu wa kujilinda anapokuwa mbali na macho ya baba. Kuwaambia wazazi wazingatie maadili, pasipo kusema malezi ya Zakaria yamekosea wapi, ni kurudisha mkononi mwake fimbo ileile ambayo riwaya imeitilia shaka.

Sura ya tatu ni hitimisho la mizani. Linatokana moja kwa moja na utaratibu wa kugawa kazi katika fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo upande mmoja, muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha upande mwingine. Mwishoni huja kipengele cha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kwa hiyo mwanafunzi huandika kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui, ingawa ametumia baadhi ya maneno magumu. Mizani imetajwa, lakini mawe yake hayaonekani. Amefaulu kufanya nini? Kwa kulinganishwa na lengo gani? Maneno hayo ni magumu kwa nani, na ugumu huo una kazi gani katika kazi husika? Hukumu isiyojibu maswali hayo haiwezi kupingwa, na kwa sababu hiyo haiwezi pia kuthibitishwa.

3.0 Marudio na Uzito Wake

Walimu wengi huwatahadharisha wanafunzi wasirudie katika hitimisho yale waliyokwisha kuyasema. Tahadhari hiyo ni nusu ya ukweli. Ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo unafundisha jambo pana zaidi. Katika mashairi mengi, mshororo wa mwisho wa ubeti hurudiwa ubeti hadi ubeti bila kubadilika hata neno. Hata hivyo, msikilizaji mzoefu haupokei katika ubeti wa mwisho kama alivyoupokea katika ubeti wa kwanza. Kila ubeti umeuongezea ushahidi, kejeli au uchungu, na maneno yaleyale sasa yamebeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa hiyo marudio si kosa yenyewe. Kosa ni marudio yasiyobeba kitu kilichokusanywa njiani. Hoja iliyotajwa katika utangulizi inaweza kurejea mwishoni, mradi irejee ikiwa imepitia mtihani wa ushahidi na imebadilika uzito, upeo au masharti. Pale ambapo hoja inarudi jinsi ilivyotoka, msomaji ana haki ya kuuliza aya za katikati zilikuwa na kazi gani.

4.0 Mfano wa Kinjeketile

Chukulia swali linalomtaka mwanafunzi ajadili dhamira ya umoja katika Kinjeketile. Tamthiliya hii inatumia kisa cha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ingawa Hussein ametahadharisha kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu na asichukuliwe kuwa nakala ya mtu wa kihistoria. Hitimisho la kawaida lingesomeka hivi:

"Kwa kuhitimisha, mwandishi amefaulu kuonyesha umuhimu wa umoja katika kupambana na wakoloni. Dhamira hii bado ina umuhimu katika jamii yetu ya leo, kwani umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Hivyo, jamii haina budi kudumisha umoja."

Aya hii ina sarufi safi na inajibu swali kwa kiasi fulani. Lakini methali inayoitegemea inapingana na matukio ya mchezo. Watu wa Kinjeketile wanaungana, na wanashindwa. Wanaungana kwa imani katika maji yasiyozuia risasi. Wanakwenda vitani ilhali kiongozi wao anawataka wasubiri. Hitimisho linalosema umoja ni nguvu, likaishia hapo, limeukwepa msiba ulio katikati ya tamthiliya.

Linganisha na aya ifuatayo:

"Umoja katika Kinjeketile unapatikana kwa gharama. Maji yanawakusanya watu waliokuwa wametenganishwa na woga na ukabila, lakini imani hiyohiyo inawafanya wasiisikie tena sauti ya aliyewaletea. Ndiyo maana Kinjeketile anapokataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, hayatetei maji yenyewe. Anakataa vizazi vijavyo viambiwe kwamba waliopigania uhuru walikosea kupigana. Tamthiliya, basi, inausifu umoja na wakati uleule inauliza nani ana mamlaka juu yake ukishazaliwa."

Aya ya pili haina msamiati mgumu kuliko ya kwanza, wala si ndefu kupita kiasi. Nguvu yake inatokana na mambo matatu. Kwanza, inarejea kwenye tukio mahususi la mwisho wa mchezo na kulitumia kama ushahidi. Pili, inaibadili dhamira iliyotajwa katika swali: umoja uliokuwa jibu umekuwa suala. Tatu, inaweza kupingwa. Msomaji mwingine anaweza kudai kwamba Kinjeketile anayatetea maji yenyewe, au kwamba ukimya wake ni kosa la pili juu ya la kwanza. Uwezekano wa kupingwa ndio unaothibitisha kwamba hukumu imetolewa.

Ikumbukwe kwamba aya hiyo haiwezi kubandikwa mwishoni mwa insha iliyoorodhesha dhamira, migogoro na wahusika kila kimoja peke yake. Inahitaji aya za awali zilizochunguza uhusiano wa Kinjeketile na wafuasi wake. Hitimisho imara huanza kuandikwa mwanafunzi anapochagua nini cha kuacha.

5.0 Pingamizi na Majibu Yake

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba kanuni humsaidia mwanafunzi dhaifu: akiwa na dakika tano, sentensi iliyokaririwa ni bora kuliko ukurasa mtupu. Hoja hii ina ukweli. Hata hivyo, pale mwongozo wa usahihishaji unapotoa alama kwa kuwapo tu kwa hitimisho, mwanafunzi hodari naye hujifunza kwamba kufikiri katika aya hiyo hakuna malipo. Kanuni iliyokusudiwa kuwa mkongojo wa mmoja inakuwa pingu ya mwingine.

Pingamizi la pili linahusu adabu. Mwanafunzi wa miaka kumi na minane anaona haya kumhukumu mwandishi mkubwa, naye amelelewa asiwakosoe wakubwa hadharani. Haya hiyo inaheshimika, lakini mapokeo ya Kiswahili yenyewe hayamnyimi msikilizaji nafasi. Katika ngano, mtambaji anapofunga hadithi yake huikabidhi kwa hadhira ipime uzuri na ubaya wake. Kuisoma kazi kwa makini kiasi cha kuweza kutofautiana nayo ni namna ya kuipokea kutoka mikononi mwa mwandishi.

6.0 Hitimisho

Ikiwa mjadala huu una ukweli, basi hauishii katika karatasi za kidato cha sita. Mwanafunzi aliyezawadiwa kwa kioo, mawaidha na mizani hufika chuo kikuu akiwa navyo. Katika tasnifu, kioo hugeuka kuwa muhtasari wa sura zilizotangulia, mizani hugeuka kuwa tamko kwamba malengo yote ya utafiti yametimia, na mawaidha hugeuka kuwa mapendekezo kwa serikali, wazazi na watunga mitalaa. Sura nzima hupatikana bila hukumu hata moja inayoweza kupingwa. Mtahini wa tasnifu anayelalamikia sura hiyo analalamikia zao la mbegu ambayo mfumo wa mitihani uliipanda miaka kumi kabla, pengine kwa kalamu yake mwenyewe. Marekebisho yanaweza kuanza na swali moja pembeni mwa aya ya mwisho, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa alama ya vema: hili ulilijua kabla ya kusoma kitabu?